Daktari Uliyepangiwa Kigoma: Nyumba, Kodi na Miezi Mitatu ya Kwanza Bila Kukopa

Kila ajira za afya zinapotangazwa, swali linarudi lile lile: "Dokta, nimepangiwa Kigoma, nyumba huko bei gani?" Anatajiwa bei, anaona ni nafuu kuliko Dar es Salaam, anapanda basi kwa moyo mweupe. Mwezi wa pili anakopa.

Kodi ya mwezi haimshindi daktari Kigoma. Kinachomwangusha ni mpangilio wa malipo: miezi sita ya kodi, dalali, godoro na jiko vyote vinadaiwa wiki ya kwanza, wakati mshahara wa kwanza bado uko njiani. Ndiyo maana hatua zilizo hapa zimepangwa ili kodi kubwa uilipe mwishoni, ukiwa umeshajua unalipia nini.

Viwango vya mshahara na kodi ya nyumba nilivyotumia ni vya mfano tu, weka vyako. Asilimia za makato na bei za umeme ni halisi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya safari

- Barua ya kupangiwa kituo, vyeti halisi pamoja na nakala zilizothibitishwa, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, na leseni hai ya Baraza la Madaktari Tanganyika.
- Kitambulisho cha NIDA, au angalau namba yake. Kigoma ni mkoa wa mpakani, Burundi iko jirani na Kongo iko ng'ambo ya ziwa. Maofisa wa uhamiaji hukagua abiria njiani, na udokta wako hauandikwi usoni.
- Akaunti ya benki yenye majina yanayofanana na ya vyeti, herufi kwa herufi. Jina likipishana, mshahara nao unachelewa.
- Fedha ya chakula na usafiri ya miezi mitatu, ambayo ndani yake hakuna kodi ya nyumba.
- Chandarua chenye dawa, mashuka, tochi ya kuchaji, sufuria mbili, ndoo mbili zenye mifuniko na kitasa kipya cha mlango.
- Laini za mitandao miwili. Uliza wenyeji wa kituo chako mtandao upi unashika vizuri kabla hujanunua bando kubwa.

Kitasa kitaeleweka kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Jua ni Kigoma ipi

Mkoa una halmashauri nane: Manispaa ya Kigoma Ujiji, Kigoma, Uvinza, Buhigwe, Kasulu Mji, Kasulu Wilaya, Kibondo na Kakonko. Barua ikiandika "Kigoma" usianze kutafuta nyumba Mwanga au Ujiji, ambako ni mjini. Kasulu iko kama kilomita 90 kutoka mjini, na Kibondo ni zaidi ya kilomita 200. Kila mara yupo anayelipa kodi mjini, halafu anaambiwa kituo chake ni hospitali ya wilaya ambayo hawezi kwenda na kurudi kila siku.

Piga simu kwa afisa utumishi au katibu wa afya wa halmashauri yako, umuulize maswali matatu: kituo chenyewe ni kipi, kuna nyumba za watumishi, na nani amekaa huko muda mrefu niongee naye. Ukipangiwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, zungumza na utawala wa hospitali yenyewe.

Hali ya hewa pia inagusa mfuko. Mjini, kando ya ziwa, joto ni la kutosha na feni ni lazima. Kasulu na Buhigwe ni milimani, kuna baridi, na huko fedha ya feni inanunua blanketi.

Umefanikiwa ukiwa na jina la kituo na namba ya simu ya mtu mmoja anayefanya kazi hapo.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya kinachobaki, siyo ya kinachoandikwa

Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 1,500,000. Makato yanakwenda hivi:

- Mfuko wa pensheni PSSSF, asilimia 5: 75,000
- Bima ya afya NHIF, asilimia 3: 45,000
- Bodi ya Mikopo, asilimia 15 kwa aliyesomeshwa kwa mkopo: 225,000
- Kodi ya mapato: 255,500

Kodi ya mapato imepatikana hivi: toa kwanza 75,000 ya pensheni, zibaki 1,425,000. Kwa kipato kinachozidi milioni moja unalipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kilichozidi, ambayo hapa ni 127,500.

Jumla ya makato ni 600,500, na mkononi zinabaki 899,500. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachokata asilimia 2, toa tena 30,000. Una 869,500.

Sasa weka nyumba ya mfano ya 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani 900,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 150,000. Hiyo ni 1,050,000 kabla hujanunua hata mfagio. Mshahara mzima wa mwezi haufiki hapo. Ukikubaliwa miezi mitatu, unahitaji 600,000, nao ni mzigo unaobebeka.

Kipimo ninachowapa wageni ni hiki: kodi ya mwezi isizidi robo ya kinachobaki mkononi. Kwa mfano wetu ni kama 215,000. Mwenye familia ya shule ashuke chini ya hapo.

Onyo. Posho ya kujikimu ni haki yako unapoanza kazi. Anayehamishwa na mwajiri ana pia madai ya usumbufu, nauli na kusafirisha mizigo. Dai vyote, tunza risiti zote. Ila kwenye bajeti viandike sifuri, kwa sababu vinaweza kuingia ukiwa umeshasahau. Jina lako nalo likikosa kuingia kwenye mfumo wa mishahara kabla mwezi haujafungwa, utasubiri mwezi unaofuata, kisha udai malimbikizo.

Mshahara ukiingia tu, simu za mikopo nazo zinaanza. Utaratibu wa utumishi unataka makato yasikuache na chini ya theluthi moja ya mshahara. Huo ni ukomo wa kisheria, usiuchukue kama lengo. Wakopeshaji wa kausha damu, wale wa mtaani wenye riba ya kunyonya, hawana habari na theluthi.

## Hatua ya 3: Mizigo

Safiri mwepesi. Kutoka Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200 (ndiyo maana mji unaitwa mwisho wa reli), na samani husafiri kwa gharama na kufika na makovu.

Kitanda, meza na kabati nunua huku. Mafundi wa ukanda huu wana mninga na mkurungu, na kitanda cha mninga kinakaa kuliko vile vya mbao za kubandika unavyovutwa navyo barabarani Dar. Agiza baada ya kupata nyumba, siyo kabla, maana vyumba vingine milango yake haipitishi kitanda cha futi sita. Lipa nusu, nusu nyingine ukikikagua.

Beba vitabu vyako, vifaa vya kazi, kompyuta na kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Friji yenyewe inaweza kusubiri.

## Hatua ya 4: Ripoti kwanza, lala pa muda

Fika, ripoti, kabidhi nyaraka, hakikisha jina lako limeanza kushughulikiwa. Nyumba baadaye. Katika wiki za mwanzo lala kwa mwenzako wa chuo, hosteli ya taasisi ya dini au nyumba ya wageni ambayo umepatana bei ya wiki. Bei ya usiku mmoja haipatanishwi sana, lakini ya wiki mbili ina mazungumzo.

Siku hiyo hiyo ya kuripoti uliza kuhusu nyumba za watumishi. Zikiwepo, uliza foleni ikoje na andika barua ya maombi, usiishie kusema kwa mdomo. Wakala wa Majengo nao hupangisha nyumba kwa watumishi wa umma, kwa hiyo pita ofisini kwao. Ukiwa kwenye kituo cha afya cha kijijini, nyumba ya kituo mara nyingi ndiyo nyumba pekee yenye maana, ichukue hata kama rangi imebanduka.

Kabla hujatoka mwombe mganga mfawidhi akuonyeshe ratiba ya zamu. Ratiba ndiyo itakayokuchagulia mtaa. Anayeitwa usiku mara tatu kwa wiki na anayefanya kliniki za mchana hawatafuti nyumba moja.

Umefanikiwa ukijua siku zako za zamu, na afisa utumishi amekuthibitishia kuwa hakuna karatasi inayokosekana.

## Hatua ya 5: Chagua mtaa kwa miguu

Kwa walio mjini, tembea mwenyewe kabla hujamwita dalali.

Mwanga ndiko soko kuu liliko, usafiri haukatiki na chakula kiko mlangoni. Bei yake ni kelele. Gungu na Katubuka kuna nyumba nyingi za kujitegemea zenye uzio, hewa ipo, ila kadiri unavyoingia ndani ya mitaa ndivyo boda ya usiku inavyokuwa tabu. Ujiji ni mji wa zamani, watu wanafahamiana na chakula cha mtaani ni kizuri. Kama kazi yako iko Maweni, piga hesabu ya nauli ya kila siku kwanza. Bangwe ni patulivu. Kibirizi ni pa boti na dagaa, nenda kwa manunuzi.

Nyumba za karibu kabisa na maji zina mvuto wake, nazo uziangalie kwa jicho la pili. Ziwa Tanganyika limepanda sana miaka ya karibuni, na waliojenga ufukweni wameona maji yakija sebuleni.

Upendeleo wangu uko wazi: kwa mwaka wa kwanza, kaa mahali unapoweza kutembea hadi hospitali kwa dakika ishirini. Mama anapotoka damu saa nane usiku, pikipiki ya kubahatisha haina msaada. Na mtumiaji wa gari akumbuke kuwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, Kigoma hukaa upande wa juu wa orodha kwa sababu ya umbali kutoka bandarini.

## Hatua ya 6: Tafuta bila kuvaa udokta

Dalali akijua wewe ni daktari, nyumba inapanda bei kabla hujaiona. Acha kitambulisho cha kazi mfukoni, na usimwambie dalali akufuate hospitali. Jitambulishe kuwa mtumishi, inatosha. Huongopi.

Wanaojua nyumba zilizo wazi ni watu wa kazini kwako: askari wa getini, dereva wa gari la wagonjwa, wahudumu, na manesi waliokaa miaka mingi. Waamkie vizuri, waeleze unachotaka na kiwango chako. Nyumba inayopatikana kupitia kwao mara nyingi haina dalali, na hapo umeshaokoa kodi ya mwezi mzima.

Ukimtumia dalali, patana mapema: analipwa baada ya mkataba kusainiwa, na ada ya kuzungushwa iwe moja kwa siku, isiwe kwa kila mlango.

## Hatua ya 7: Kagua nyumba kama unavyomkagua mgonjwa

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Nenda mara mbili: saa nane mchana na saa tatu usiku.

Mchana, dari. Wewe utalala mchana baada ya zamu. Nyumba ya bati isiyo na dari kando ya ziwa haikulazi mchana. Simama chumbani dakika kumi, mlango umefungwa. Jasho likikutoka, umepata jibu.

Maji. Fungua bomba mwenyewe. Yakitoka, usiridhike. Muulize mama wa nyumba ya pili: "Shikamoo mama, maji huku yanatoka siku ngapi kwa wiki?" Mwenye nyumba atakuambia yanatoka kila siku, jirani hana sababu ya kukudanganya. Simtanki ikiwepo, ipande uone kama ina maji au ni pambo. Omba kuona bili ya mwisho ya mamlaka ya maji, usije ukarithi deni.

Umeme. Kuna mambo matatu. Kwanza, mita ni yako peke yako au mnachangia? Mteja wa nyumbani aliye kwenye kundi la matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa karibu shilingi 122 kwa uniti pamoja na tozo. Kundi la kawaida hulipa karibu 356. Uniti 75 ni kama 9,150 kwa wa kwanza na 26,700 kwa wa pili. Mita ya wapangaji wanne haiwezi kubaki kundi la chini, na ugomvi wa pasi ya nani haukosekani.

Pili, kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe. Nyumba iliyokaa tupu miezi kadhaa inalimbikiza, na mpangaji mpya akinunua umeme wa kwanza anashangaa uniti zimekwenda wapi. Nunua umeme kidogo mbele ya mwenye nyumba kabla ya kusaini, usome ujumbe wote, na mkubaliane makato hayo yatatolewa kwenye kodi yako ya mwezi.

Tatu, gusa swichi zote.

Mvua. Mvua za Kigoma huanza karibu Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ukifika kiangazi, kila njia ni nzuri na kila ukuta ni mkavu. Tafuta alama: mstari wa matope chini ya ukuta, madoa kwenye dari, korongo linaloelekea uani. Mji una miteremko mingi, na maji ya mlimani yanajua nyumba iliyo chini.

Mbu. Utafiti wa taifa wa viashiria vya malaria wa 2017 ulikuta watoto wadogo wapatao 24 kati ya kila 100 waliopimwa Kigoma wana vimelea. Wewe ndiye utakayewatibu, kwa hiyo huhitaji kuelezwa. Angalia wavu wa kila dirisha na upenyo kati ya ukuta na paa. Wavu uliochanika uwekwe sharti la kuhamia, kwa gharama ya mwenye nyumba.

Usiku. Sikiliza baa iko umbali gani, tazama taa za njia, uliza boda wa kona anakesha hadi saa ngapi.

Mlango. Badilisha kitasa siku unayohamia. Hujui mpangaji aliyetoka aligawa funguo ngapi.

Halafu kuna uamuzi kuhusu nyumba ya uani yenye wapangaji wengi. Ni nafuu, na jirani mwema ni akiba. Lakini wiki ya pili watajua kazi yako, na baraza lako litakuwa zahanati isiyo na dawa, inayofunguliwa muda wowote mtoto akipandwa na homa. Wapo madaktari wanaolipenda hilo. Mwenye zamu nyingi atafute nyumba yenye geti lake.

## Hatua ya 8: Bei na mkataba

Zungumza na mwenye nyumba mwenyewe, tena kwa heshima ya umri wake. Maneno yanayofanya kazi ni ya namna hii: "Shikamoo mzee. Nyumba nimeipenda na ningependa nikae sana. Mimi ni mtumishi, nimeripoti mwezi huu, mshahara bado haujakaa sawa. Naomba nianze na miezi mitatu, nikimaliza nitakuwa nalipa sita sita." Mtumishi wa serikali ni mpangaji anayetamanika, kwa hiyo una nguvu kuliko unavyodhani. Akikataa kabisa, omba miezi minne, au apunguze bei kwa kupokea sita.

Mkataba uandikwe Kiswahili na usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, kila upande na shahidi wake. Usikose mambo haya:

- kodi, muda, na tarehe ya kwisha;
- usomaji wa mita ya maji na hali ya LUKU siku ya kuhamia;
- nani anatengeneza paa, bomba na shimo la choo likijaa;
- kodi haipandi katikati ya mkataba;
- ukihamishwa na mwajiri, kodi iliyobaki inarudishwa au unaruhusiwa kuingiza mpangaji mwingine.

Hicho cha mwisho wengi hukiacha, na daktari anaweza kuhamishwa kituo kwa barua ya wiki moja. Hakikisha pia anayesaini ndiye mwenye mali. Nyumba za urithi zina ndugu wengi, na kila mmoja anaweza kuja na daftari lake la risiti. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayewajua.

Lipa benki au kwa simu ili malipo yaache alama. Piga picha kila chumba kabla ya kuingiza kitanda.

## Hatua ya 9: Matumizi ya mwezi

Chakula ndiko Kigoma inakokurudishia. Maharage, ndizi na mihogo hushuka kutoka Kasulu, Buhigwe na vijiji vya karibu, mawese ni ya hapa hapa, na kahawa ya Kalinzi iko jirani. Nunua Mwanga kwa mahitaji ya siku, na Mwandiga, nje kidogo ya mji, kwa gunia na debe. Vinavyosafirishwa kutoka mbali, kama bidhaa za dukani na vifaa vya ujenzi, hubeba nauli ndani ya bei yake.

Samaki wana msimu wa sera pia. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Migebuka ikiadimika, bei inapaa. Fuatilia matangazo, na kabla ya kipindi kama hicho weka dagaa wakavu ndani, wamekauka vizuri na hawana mchanga.

Gesi: nunua mtungi mdogo wa akiba hata kama una mkubwa, kwa sababu gesi haina desturi ya kuisha mchana. Umeme: kama uko kundi la chini, angalia uniti ulizotumia kila wiki mbili. Jagi la kuchemshia maji na pasi ndivyo vinavyokuvusha 75 kimya kimya.

Gawa kilichobaki mara tu mshahara unapoingia: kodi ya miezi ijayo kwenye akaunti usiyoishika na kadi, chakula cha jumla, usafiri, nyumbani kwa wazazi, na kidogo cha dharura. Posho ya onkoli, yaani ya kuitwa kazini nje ya saa za kawaida, usiipangie matumizi ya lazima. Ikija, iongeze kwenye kodi.

Mwezi mmoja kabla mkataba haujaisha, mfuate mwenye nyumba umwambie unaendelea au unahama. Ukikaa kimya, dalali ataanza kuonyesha wateja chumba chako ukiwa zamu.